Niliingia kununua manukato, nikatoka na deni la pochi: walinifanya nini?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa umma, kitengo cha uhasibu, nafanya kazi Mji wa Serikali Mtumba na naishi Ilazo. Mwezi uliopita, siku ya mshahara, nilipitia duka moja la vitu vya kifahari hapa mjini ili nimnunulie kaka yangu manukato ya zawadi ya harusi. Nilipanga laki moja na nusu, isizidi. Nilikuwa nimetoka kushuka kwenye daladala, viatu vina vumbi. Binti wa dukani akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani. Nilipogusa pochi moja akasema, "Hiyo ni milioni tatu na laki nane, dada." Nilijisikia vibaya sana. Mara akatokea meneja, akaniomba radhi, akanikalisha kwenye kochi, nikaletewa juisi, akaanza kuniita mheshimiwa. Akanionyesha pochi nyingine ya 1,450,000, akanivalisha begani mbele ya kioo, akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe. Akasema imebaki hiyo moja tu na kuna mama wa bungeni ameshaiulizia. Nikatoa kianzio cha 300,000 anitunzie. Salio anataka nilipe 130,000 kila mwezi kwa miezi 12. Manukato sikununua kabisa. Nina shahada, nashika hesabu za watu, sijawahi kutapeliwa maishani. Walinifanya nini? Na sasa niendelee kulipa au niachane nayo?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la shahada, maana naona linakuuma kuliko hata fedha. Shahada yako haikuhusika popote katika yaliyotokea siku ile. Mbinu hizi hazimsubiri mjinga. Zinamkamata kwa urahisi mtu anayejiheshimu, anayejali adabu na asiyependa kumwangusha mwenzake, na barua yako inaonyesha wewe ni mtu wa namna hiyo.

Nimefundisha masoko na tabia za wateja hapa Dodoma miaka mingi, na baadhi ya vijana wanaosimama kwenye kaunta za maduka kama hayo wamepita mikononi mwangu. Najua wanachofundishwa na wanachojifunza wenyewe kwa kuona kinacholeta kamisheni. Nitafuata mtiririko ulioueleza wewe, ila nitakaa sana pale mlangoni, kwenye lile jicho la binti, kwa sababu naamini pochi uliinunua pale, kabla hata juisi haijamiminwa.

Mwaka 2014 Morgan Ward, aliyekuwa akifundisha Texas, na Darren Dahl wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha utafiti kuhusu jambo ambalo kwa akili ya kawaida halieleweki. Walitaka kujua mteja hufanya nini muuzaji wa duka la gharama anapomdharau. Sote tungetegemea aondoke, asirudi. Walichokikuta ni kwamba kwa mtu ambaye tayari anatamani kuwa miongoni mwa wanaotumia bidhaa zile, dharau ilimwongezea hamu ya kuzipata, na akawa tayari kutoa fedha zaidi. Kulikuwa na masharti. Jina la bidhaa lilipaswa kuwa la hadhi, kwani kwenye maduka ya kawaida dharau haikuongeza hamu yoyote. Na muuzaji mwenyewe alipaswa kufanana na anachokiuza, kwa mavazi na kwa mwenendo. Akiwa haendani nacho, dharau yake haina uzito.

Sasa rudi kwenye dakika ile. Binti alikutajia bei, lakini wewe ulisikia "hapa si pako". Mtu akiambiwa hapa si pako, ama ataondoka akiwa ameikubali hukumu hiyo, ama atabaki athibitishe kwamba wamekosea. Dukani hakuna nafasi ya kueleza ulisoma wapi, umelea wadogo zako wangapi, au ofisini wanakutegemea kiasi gani. Kuna namna moja tu ya kuthibitisha, nayo inapita kwenye mashine ya malipo. Uliingia na swali la bei, ukawekewa swali la heshima juu yake, na hilo la pili ndilo ulilolijibu kwa laki tatu.

Ndiyo maana ulisahau manukato. Kaka yako alitoka kichwani, na si kwa sababu humpendi.

Hapa naomba niseme jambo kuhusu mji wetu, kwa sababu vitabu vya masoko havitakuambia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini wimbi kubwa la watumishi limekuja baada ya 2016, na hadhi ya jiji tumeipata 2018. Maana yake, majirani zako wengi wa Ilazo, na wenzao wa Kisasa na Nzuguni, ni wageni kama wewe. Kule ulikotoka, watu wanajua wewe ni binti wa nani, mama yako anasali wapi, ulikuwa wa ngapi darasani. Hapa hawakujui. Wanatazama viatu, simu, gari, kisha wanakadiria, na wewe unajua kwamba unakadiriwa. Halafu unakuja msimu wa Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, mashangingi yanajaa barabarani na kila meza ya hoteli ina mtu mwenye cheo. Kuishi katikati ya vyeo namna hiyo kunamchosha mtu bila yeye kujua. Mteja anayetamani kuonekana ni wa humu, yule ambaye Ward na Dahl walimkuta anaumia na kununua, hapa kwetu wako wengi wa namna yake, na hawana kosa lolote. Mtu anataka kuhesabiwa kuwa mtu.

Utauliza kama binti alitumwa akutazame vile. Sidhani. Mara nyingi huwa ni kijana aliyechoka kusimama tangu asubuhi, na yeye mwenyewe hana uwezo wa kununua hata kamba ya pochi ile. Ila meneja alijua la kufanya na jeraha alilolikuta. Mmoja mkali, mwingine mpole: huyo wa pili akija, upole wake unakufikia kama maji kwa mtu aliyetoka Manyoni kwa miguu. Angekupokea vizuri tangu mlangoni, usingeuhisi hivyo.

Kingine katika utafiti ule kinahusu hali yako ya leo moja kwa moja. Ile hamu iliyotokana na dharau haikudumu. Watafiti walipowarudia watu baada ya wiki kadhaa, walikuta imepungua. Wewe umeniandikia mwezi mmoja baadaye, na katika barua nzima hukusema hata mara moja kwamba pochi ile ni nzuri. Hilo lizingatie, nitalirudia.

Kuhusu juisi nitasema kwa ufupi, maana jambo hili ulishafundishwa nyumbani kabla ya kulisoma popote. Mwaka 1971 Dennis Regan alifanya jaribio ambalo mtu mmoja, aliyepangwa na mtafiti, alimletea mwenzake soda bila kuombwa, na baadaye akamwomba anunue tiketi za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua karibu mara mbili ya wale ambao hawakupewa, na walifanya hivyo hata pale walipokuwa hawampendi yule aliyewapa. Kwetu sisi ni zaidi. Mgeni aliyekaribishwa akakaa, akanywa, kisha akaondoka bila hata neno la heri, anaonekana hana malezi. Kochi lile na bilauri ile vilikugeuza kutoka mteja kuwa mgeni, na mgeni hana uhuru wa kusema "hapana, bei yako kubwa". Ukumbuke tu kwamba mwenyeji wa kweli hakutajii bei ukimaliza kunywa. Juisi ya dukani ni gharama ya biashara, imeshahesabiwa ndani ya bei za vitu vyote vilivyomo humo, na unaweza kuinywa, ukashukuru, ukaondoka bila deni.

Na "mheshimiwa"? Elaine Chan na Jaideep Sengupta wa Hong Kong walionyesha mwaka 2010 kwamba sifa za muuzaji zinaacha alama hata pale mteja anapojua wazi kuwa ni sifa za kuuzia. Akili inazikataa, lakini hisia nzuri kuelekea duka inabaki chini chini na kuja kufanya kazi baadaye. Kwa hiyo usijilaumu kwa kufurahia. Kwa mtu aliyekuwa ametoka kudharauliwa dakika tano nyuma, neno lile lilikuwa na uzito mara mbili.

Tuje kwenye bei, maana wewe ni mhasibu na hapa utaelewa haraka. Kabla hujaonyeshwa pochi ya 1,450,000 ulikuwa umesikia 3,800,000. Namba ya kwanza mtu anayoisikia inashika akili, na zinazofuata zinapimwa kutoka pale. Amos Tversky na Daniel Kahneman waliandika mwaka 1974 kuhusu jaribio ambalo kila nikilifundisha darasa linacheka kwanza, kisha linanyamaza. Waliwazungushia watu gurudumu la namba lililotegeshwa lisimame ama kwenye 10 ama kwenye 65. Kisha wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Gurudumu halina uhusiano wowote na swali. Lakini kadirio la kati la walioona 10 lilikuwa asilimia 25, na la walioona 65 lilikuwa asilimia 45. Kama namba ya gurudumu inaweza kumvuta mtu mzima kiasi hicho, bei iliyotamkwa kwa sauti ya dharau mbele ya wateja wengine itakuvuta kiasi gani? Ulipoambiwa milioni moja na laki nne na nusu, ulipima umbali kutoka milioni tatu na laki nane, ukaona umepata nafuu. Laki moja na nusu uliyotoka nayo nyumbani haikuwa tena kipimo.

Ndiyo maana katika maduka ya namna hii kuna kitu kimoja cha bei kubwa mno kinachowekwa mahali pa kuonekana. Wakikiuza, ni heri. Wasipokiuza, kinaendelea kuvifanya vingine vionekane vya bei ya huruma. Na vikiwekwa vitatu kwa mstari, cha juu, cha kati na cha chini, watu wengi huenda kwenye cha kati, kwa sababu kinawaokoa na ubahili na ufujaji kwa pamoja.

Kuna jingine kuhusu bei kubwa ambalo wafanyabiashara wanalijua vizuri kuliko wateja: bei yenyewe huongeza ladha. Mwaka 2008 Hilke Plassmann na wenzake, California, waliwaonjesha watu mvinyo wakiwa ndani ya mashine inayopima shughuli za ubongo. Mvinyo uleule uliletwa mara mbili, mara moja ukiambatana na bei ya dola 5, mara nyingine dola 45. Kwa bei ya juu watu walisema ni mtamu zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikaonyesha hivyohivyo. Hawakuwa wanasema uongo. Raha waliihisi kweli. Hapa Dodoma tunalima zabibu, tunatengeneza mvinyo, na bado kwenye sherehe zetu naona chupa iliyotoka mbali ikiwekwa mbele na ya Dodoma ikiwekwa nyuma kabla mtu hajaonja hata moja. Jaribuni siku moja nyumbani kumimina mvinyo mmoja kwenye majagi mawili, mwambie kila mgeni bei tofauti.

Pochi yenyewe ilipokugusa bega, umiliki ulishaanza. Mwaka 1990 Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walieleza majaribio ya vikombe vya kawaida vya wanafunzi. Waliopewa kikombe walitaka kukiuza kwa takriban mara mbili ya bei ambayo wasiokuwa nacho walikuwa tayari kukinunulia. Kikombe kimoja, dakika chache tu mkononi, na tayari thamani imepanda. Joann Peck na Suzanne Shu wakaonyesha mwaka 2009 kwamba hata kugusa tu kunatosha kumpa mtu hisia kwamba kitu ni chake. Kioo kinaongeza, na picha ndani ya simu yako inakamilisha, kwa sababu unaondoka nayo. Naamini uliifungua usiku ule, na pengine ulimtumia dada au rafiki kwenye WhatsApp, naye akasema umependeza. Tangu hapo, kuiacha pochi hakukuwa tena kutonunua. Kulikuwa kupoteza kitu chako, mbele ya shahidi.

Halafu "imebaki moja, na mama wa bungeni ameiulizia". Sentensi fupi, lakini imebeba mambo mawili, na kila moja lina nguvu yake. Stephen Worchel na wenzake, mwaka 1975, waliwapa watu biskuti zilezile, wengine kutoka kwenye chombo chenye biskuti kumi, wengine kutoka kwenye chombo chenye mbili. Za chombo chenye mbili zilionekana bora na za thamani zaidi. Na thamani ilipanda zaidi pale walipoona zinapungua kwa sababu watu wengine wanazitaka. Meneja wako hakuishia kwenye "imebaki moja". Alikuonyesha na anayeitaka, tena mtu wa cheo, tena wa mji huu.

Uhaba wa kweli upo, na sisi Watanzania tunaujua. Tanzanite ilipatikana Mererani, Simanjiro, mwaka 1967, kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina hilo na kuanza kuitangaza 1968, na hadi leo inauzwa kwa hadithi ambayo ni ya kweli: inachimbwa sehemu hiyo moja. Mwaka 2020 Saniniu Laizer alipopata mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, Serikali iliyanunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Huo ni uhaba wa ardhini. Kuna uhaba wa uamuzi: mwaka 2018 ilijulikana kwamba Burberry, kampuni ya mavazi ya kifahari ya Uingereza, ilikuwa imeharibu bidhaa zake zenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 28 ndani ya mwaka mmoja, ili zisiishie kuuzwa rahisi, na baada ya malalamiko ikatangaza mwaka huohuo kuacha kuchoma mali. Na kuna uhaba wa mdomoni, ambao hauna gharama yoyote kwa anayeutangaza. Huu wa mwisho unapimika. Omba ipigwe simu stoo, au uliza kama wanaweza kuagiza nyingine kwa mzigo ujao. Kama jibu ni "labda wiki mbili hivi", basi haikuwa ya mwisho. Na kama yule mama wa bungeni aliitaka kweli, mwanangu, kwa nini wamekutunzia wewe mwezi mzima kwa laki tatu?

Sasa kianzio. Ukiacha lile jicho la mlangoni, hiki ndicho nakiona kizito zaidi, kwa sababu ndicho kinachokushika mpaka leo. Jonathan Freedman na Scott Fraser, mwaka 1966, waliwaomba wenye nyumba huko California wakubali kuwekewa bango kubwa lisilopendeza mbele ya nyumba, lenye maneno ya kuwataka madereva waendeshe kwa uangalifu. Walipoombwa moja kwa moja, asilimia 17 tu walikubali. Lakini kwa wale ambao wiki chache kabla walikuwa wameombwa jambo dogo, kubandika kibango kidogo cha ujumbe huohuo, waliokubali bango kubwa walifika asilimia 76. Mtu akishasema "ndiyo" ndogo, anajiona ni mtu wa kusema ndiyo katika jambo hilo, na anataka matendo yake yalingane. "Toa chochote nikutunzie" ni hiyo "ndiyo" ndogo. Haionekani kama kununua. Inaonekana kama kujipa muda wa kufikiri, kumbe muda wenyewe umeshafungwa.

Baadaye kinakuja kile kinachowafanya wengi waendelee: "Nimeshatoa laki tatu, nikiacha nitakuwa nimezitupa." Nakuomba uchukue kalamu kama uko ofisini. Miezi 12 kwa 130,000 ni 1,560,000. Ongeza kianzio, inakuwa 1,860,000. Pochi ilitajwa kuwa 1,450,000. Kwa hiyo unalipa 410,000 juu ya bei, ambayo ni gharama ya mkopo wa salio la 1,150,000, na hakuna aliyeiita mkopo. Ingeletwa mezani kwako kama hati ya malipo ya ofisi, ungeirudisha. Ilikupita kwa sababu ilikatwakatwa mpaka ikafika 130,000, ambayo ni kama elfu nne na kidogo kwa siku. Kukata kiasi kikubwa kuwa vipande vidogo hakukipunguzi hata senti. Na kama mshahara wako tayari una makato ya mkopo wa benki, unajua mwenyewe sheria inataka mtumishi abakiwe angalau na theluthi moja ya mshahara wake. Duka halitaangalia hati yako ya mshahara. Makubaliano ya mdomo kama haya hayamo kwenye hesabu hiyo kabisa, na watu wamefikia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, kwa kuziba vipande vidogo kama hivi.

Niendelee au niache, umeuliza. Laki tatu ziweke pembeni kabisa, kana kwamba hujawahi kuzitoa. Sasa jiulize: leo, nikiwa na viatu safi, bila mtu wa kunitazama, ningetoa 1,560,000 zangu kwa pochi ile? Kama jibu ni ndiyo ya moyoni, sina neno. Mtu mzima ana haki ya kununua kitu kizuri anachokipenda kwa fedha yake halali, na simwoni mwenye pochi ya gharama kuwa na dhambi yoyote. Katika hali hiyo, kataa ile mipango ya kila mwezi, dunduliza mwenyewe benki au kwenye kikundi chenu, lipa 1,150,000 taslimu, na ujaribu kuomba punguzo, kwa sababu hata kwenye maduka hayo bei ya mwisho ipo. Lakini nimekuambia: katika barua yako hukuisifia pochi hata kwa neno moja. Ushauri wangu ni uiache.

Kisheria uko hivi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inakulinda kama kitu hakilingani na ulivyoelezwa au hakifai kwa matumizi yake. Haikupi haki ya kurudishiwa fedha kwa sababu tu umebadili mawazo, kwa hiyo usiende pale ukiwatishia polisi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Kwa hiyo kabla ya lolote jua kama pochi ile ni orijino: omba hati zake na udhamini wa maandishi. Wakisitasita, umepata hoja kubwa kuliko majuto. Dai pia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa ile laki tatu. Muuzaji analazimika kuitoa, na wewe unalazimika kuidai.

Nenda asubuhi ya katikati ya wiki, duka likiwa tupu na meneja akiwa na nafasi. Usiende mwisho wa mwezi. Nenda na mtu mmoja asiyejali pochi, mume, shangazi, au rafiki yako anayependa kuulizia bei sokoni Majengo. Vaa utakavyo. Usikae kwenye kochi, ongea umesimama. Usiguse pochi tena, wakikuletea begani rudi hatua moja nyuma. Sema, "Nashukuru mlivyonipokea. Pochi sitaichukua. Naomba kianzio changu kirudishwe." Kisha nyamaza. Usieleze kwamba ada za watoto zimekubana wala kwamba kuna msiba, maana kila sababu utakayotoa meneja ana jibu lake, na utajikuta unajadiliana badala ya kukataa. Akisema haiwezekani kurudisha fedha, shusha ombi: fedha hiyo igeuke kuwa manunuzi. Duka nyingi zitakubali hapo, kwa sababu fedha haitoki mlangoni.

Hapo unaweza kumchukulia kaka yako manukato, na hata hayo yana hila yake. Harufu unayoisikia dakika za mwanzo ni ya viambato vinavyoruka haraka, na ndiyo inayouza. Ile atakayoishi nayo kaka yako mchana kutwa hujitokeza baada ya saa moja au mbili. Kwa hiyo pulizia kwenye ngozi ya mkono, si kwenye karatasi, mkono mmoja aina moja, aina mbili zinatosha. Toka nje, tembeeni mpaka Nyerere Square, mkae, mzungumze mambo mengine. Ukinusa tena na bado inakupendeza, rudi ununue chupa hiyo tu. Kinachobaki kwenye ile laki tatu kiandikwe kwa jina lako na kigongwe muhuri wa duka.

Na yule binti, msalimie. Ukimkuta peke yake mwambie kwa upole kwamba siku ile alikuumiza. Huenda hakuna mteja aliyewahi kumwambia, na mimi ningefurahi wanafunzi wangu wasikie hilo kutoka kwa wateja kabla ya kulisikia darasani.

Wakikataa kurudisha fedha, wakakataa kugeuza, na wakakataa kukupa risiti, niandikie tena na unitumie nakala ya chochote ulichosaini siku ile. Tutakuwa tumeshatoka kwenye saikolojia, na nitakuelekeza uanzie ofisi gani.